Fatwa ya Gari Lililoshushwa

Kawempe, Kampala
Jumatatu, 5 Mfunguo Sita 1446
(9 Septemba 2024)

Mpwa wangu Nasif,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikukute huko Juba, wewe na wenzako wa gereji, na ikukute umeswali. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Dada yako Hasifa amebaki katika nyumba ya marehemu mama yenu, anafuga kuku na kusomesha watoto wadogo alasiri. Hitima ya arobaini ya mama yenu itasomwa wiki ijayo, inshallah. Najua hukuweza kufika siku ya maziko. Sisi maiti hatumlazi, na njia ya Nimule ni ndefu. Kwa hilo sikulaumu.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa simu hainifai tena. Tangu sikio langu la pili lizibe, sauti ya mtu simuni naipata kama mvumo wa upepo kwenye bati. Barua hii nampa dereva wa basi, nawe umpe yako.

Jambo langu ni lile gari la waqfu, Noah nyeupe aliyoitoa mama yako kwa ajili ya Mungu ili ibebe maiti wetu kwenda makaburini Bombo bila kuomba gari la mtu. Utakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita ulinijia ukasema: Mjomba, wazee wanaumia mabega kwa kuinua jeneza juu, niruhusu nilishushe gari likaribie ardhi, nalo nilitie magurudumu makubwa yatakayostahimili uzito. Waqfu haubadilishwi ila kwa maslahi yake. Nilikaa na vitabu siku tatu, kisha nikatoa fatwa kwamba kuwapunguzia wazee taabu ni maslahi. Nikaisoma mimbarini siku ya Ijumaa, nikakutaja kwa jina na kukuombea dua.

Sasa magurudumu ya nyuma yanasugua bodi. Watu wanasema yanalia. Mimi silisikii hilo. Ila nanusa raba inayoungua, na nikiweka kiganja sakafuni nahisi kitu kinaguguna chini. Wewe ndiye uliyelifanyia kazi. Nieleze dawa yake.

Unajua pia wasia wa mama yako: kwamba baada yangu, msimamizi wa gari awe wewe, ikiwa nitakuona unafaa. Nina miaka sabini na minane. Nataka jina liandikwe katika daftari la msikiti kabla ya Ramadhani.

Hasifa ameniambia unauliza kama mama yako alifika salama makaburini. Alizikwa. Mengine tutazungumza.

Mjomba wako,
Abdul-Karim


Juba
2 Oktoba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako kwa mikono miwili. Nilipouona mwandiko wako nilirudi kuwa mtoto wa madrasa. Nikatazama kucha zangu kama ni safi. Mimi ni mzima. Kazi ipo, malori ya misaada hayaishi kuharibika. Joto la huku lingekushinda, Mjomba.

Kuhusu gari, usiwe na wasiwasi. Kusugua ni jambo la kawaida kwa gari lililoshushwa. Rimu zile ni za inchi kumi na nane, na ni pana. Za zamani zilikuwa kumi na tano. Gari likizama kidogo, tairi linakutana na mdomo wa fenda, yaani ule ukingo wa bati uliokunjwa juu ya gurudumu. Mwambie fundi aukunje ukingo huo uingie ndani kabisa. Aupashe moto kwanza, polepole, rangi isipasuke. Na ile plastiki iliyo ndani, akate sehemu inayoguswa. Baada ya hapo litanyamaza.

Jambo jingine, uwaambie wazee wasipande wengi nyuma. Wawili wanatosha.

Kama mtataka kurudisha magurudumu ya zamani, nayo yapo. Niliyaweka katika stoo ya mama, nyuma ya banda la kuku.

Kuhusu usimamizi, Mjomba, mimi niko tayari. Nikimaliza mkataba nitarudi, nalo gari nitalitunza kama macho yangu. Jina langu waweza kuliandika hata leo.

Lakini hukunijibu. Nani alikuwa naye ndani ya gari? Alifika kabla ya alasiri?

Mwanao,
Nasif


Kawempe
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Mpwa wangu Nasif,

Baada ya kukutakia rehema na kinga ya Mola, nakujulisha kwamba hitima ilisomwa vizuri. Watu walikula, na waliobaki bila sahani walikula kwenye majani ya migomba wakisema ndiyo ladha yenyewe. Jirani yetu Mzee Wahabi alilia kuliko wanawake. Hasifa alikuwa na homa, sasa imekwisha.

Nimefanya ulivyoagiza. Hasifa alimpata fundi wa Namuwongo aitwaye Opoka, mtoto wa askari polisi wa kaskazini, Mkristo, mtu wa adabu. Aliivua kofia alipoingia garini akijua kazi ya gari lile. Alikunja ukingo wa fenda zote mbili kwa moto na nyundo ya mbao, akakata plastiki. Tulilizungusha likiwa tupu hadi Kalerwe na kurudi. Niliketi nyuma, mahali pa jeneza, kiganja changu sakafuni. Kimya.

Kisha nikasema, gari hili halikutolewa libebe hewa. Tukapakia magunia mawili ya mchanga yenye uzito wa mtu, wakapanda wazee wanne. Katika tuta la kwanza nilihisi lile guguno tena, nikaona Mzee Wahabi amefumba macho.

Umeniambia wazee wapande wawili. Nasif, wewe ulilelewa katika nyumba hii. Maiti wetu haachwi na watu wawili kama furushi la sokoni. Hupanda walio wa damu, na msomaji, na aliyeosha. Ukisema gari lifae kwa kupunguza wanaomsindikiza maiti, umefanya maiti alihudumie gari.

Magurudumu ya zamani hayamo katika stoo. Nilimtuma Hasifa, alirudi na manyoya kichwani akaniandikia kwenye kibao: "Mjomba, humo kuna kuku, birika bovu, na kuku." Yako wapi?

Na kuna neno jingine. Opoka aliniita nichungulie chini. Akanionyesha spiringi za nyuma zimekatwa kwa msumeno, duara moja na nusu kila upande. Mimi niliporuhusu gari lishushwe nilidhani utatia spiringi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Anasema iliyokatwa huchoka upesi na kuzama zaidi kila mwaka. Anasema pia kwamba zile raba za kugotea, zinazozuia gari lisishuke kupita kiasi, zimeng'olewa. Kwa nini ziling'olewa?

Hilo uliloniuliza mara ya pili, nalo nimelisoma.

Mjomba wako,
Abdul-Karim


Juba
30 Novemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Tulipelekwa Torit kutengeneza malori, na huko hakuna basi. Namshukuru Mungu Hasifa amepona. Mwambie nimecheka habari ya kuku.

Magurudumu nadhani aliyaazima Bonny, rafiki yangu wa Namuwongo, wakati nilipokuwa nafunga safari. Nitamuuliza. Spiringi zilikatwa kwa sababu fupi za aina ile hazikupatikana siku hizo. Raba za kugotea zilikuwa zimechakaa.

Fundi afanye hivi: atie vipande vya raba ngumu kati ya duara za spiringi ili zisizame, na nyuma ya rimu kuna bamba la chuma linalosukuma gurudumu nje, aliondoe, gurudumu liingie ndani. Na atafute tairi jembamba kidogo. Itatosha.

Ila namwomba asifungue sakafu ya nyuma, Mjomba. Zile mbao ni dhaifu, nilizibana mwenyewe, akizing'oa hazitarudi. Kila kitu aweza kukifanya kutokea chini.

Ijumaa nimemsomea mama Yasini. Mjomba, hii ni mara ya tatu. Watu wa Kawempe ninaowapigia simu wanasema "alizikwa" kisha wanabadilisha mazungumzo. Kuna nini?

Mwanao,
Nasif


Kawempe
Jumamosi, 14 Desemba 2024

Nasif,

Salamu ya Uislamu ni haki yako kwangu, nami naitoa: amani iwe juu yako. Hasifa mzima. Mvua imeharibu ukuta wa madrasa upande wa choo. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Nilimweleza Opoka agizo lako kuhusu sakafu. Alisimama akikuna kidevu. Vichwa vya shokapu za nyuma, zile nguzo za kutuliza mitikisiko, akasema, hufunguliwa kutokea ndani, na fundi yeyote wa gari hili anajua. Kwa hiyo aliyesema sakafu isifunguliwe hakusahau ufundi. Nikamwambia ang'oe.

Alikunja ule mkeka wa kijani ambao mama yako aliununua mwenyewe. Akatoa mbao. Chini ya mbao, mahali hasa kinapolala kichwa cha maiti, palikuwa na ubao mwingine uliotobolewa matundu mawili ya mviringo, kila moja kubwa kama sinia la pilau. Waya nyekundu na nyeusi zilitoka humo hadi mbele kwa dereva, na taa ndogondogo za buluu zilikuwa zimebandikwa pembeni, nyingine bado zina gundi.

Opoka alicheka, kisha akasema neno kwa Hasifa. Niliona midomo yake, sikupata maneno. Nikamwuliza Hasifa: "Amesema nini?" Akatazama chini. Nikamwuliza tena, akaingia ndani. Basi nikamwita Opoka, nikamshika bega, nikamwekea sikio langu lenye uhai kidogo. Akapiga kelele majirani wote wasikie:

"Mzee, hii gari mimi najua! Hii ni ile ya Nasif na Bonny! Kila Jumapili ilikuwa nakuja Port Bell kwa mashindano, ile ya gari za chini. Muziki yake, banange! Maji ya ziwa ilikuwa natetemeka. Walikuwa naiita Bibi Harusi."

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Mpango ilianza kabla ya kukata spiringi. Bonny alileta rimu, Nasif akasema atampa magurudumu ya zamani, wabadilishane. Walisema wanangoja ruhusa tu."

"Ruhusa ya nani?"

Hapo akaelewa. Uso wake ulisawijika. "Mzee," akasema, "mimi nilifikiri nyinyi wote mnajua. Hii gari ilikuwa napiga kelele mpaka Kawempe."

Nyinyi wote mnajua. Siku ile niliposoma fatwa mimbarini, niliwaona vijana wa safu ya nyuma wakitazamana na kutabasamu. Nilidhani wanafurahi kwa ajili yako. Mji mzima ulikuwa ukilisikia gari la maiti likiimba kila Jumapili, na asiyesikia alikuwa mmoja, ndiye msimamizi wake. Ulilijua sikio langu, Nasif. Wewe ndiye uliyekuwa ukinipeleka kwa daktari.

Sikuulizi habari ya muziki wala rimu. Nakuuliza neno moja, nami nataka jibu lake kwa mkono wako. Siku uliyonijia na habari ya mabega ya wazee, ukakaa mkekani mbele yangu siku tatu nikipekua vitabu, ukiniletea chai, ulikuwa umeshakubaliana na Bonny?

Abdul-Karim


Juba
9 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Sina habari za kutanguliza. Niko mzima.

Ndiyo. Tulikuwa tumekubaliana. Rimu zilikuwa tayari uani kwa Bonny. Yeye alisema, "Gari ni la msikiti, mzee atakataa." Mimi nikamwambia, "Mzee hakatai jambo ukimletea kwa mlango wa dini." Nilicheka niliposema hivyo. Kila ulipofungua kitabu kingine nilitamani ukatae, ili iishe. Uliponitaja mimbarini nilitoka nje kwa kisingizio cha udhu.

Kuna jingine ambalo hukuniuliza. Mama alijua.

Miezi mitatu kabla sijaondoka alipanda gari hilo kwenda kumzika mama yake Jamilah, jirani yetu. Mimi niliendesha, yeye alikaa nyuma karibu na jeneza. Njiani tairi likasugua, naye akanigonga begani. Tuliporudi aliniita jikoni. Akaniambia, "Nasif, lile gari nililitoa kwa Mungu nikiwa na akili zangu. Lirudishe lilivyokuwa kabla mimi sijalazwa humo." Nikamwambia, "Wiki ijayo, mama." Akasema, "Sitamwambia kaka yangu. Utamwambia mwenyewe. Mimi sitaki aone aibu mbele ya watu wake." Kila wiki nikasema wiki ijayo. Kisha nikapata kazi hii, nikapanda basi. Muziki niliutoa. Rimu niliziacha, kwa sababu Bonny alikuwa ameshauza gari lake pamoja na magurudumu yetu.

Usiandike jina langu, Mjomba. Siombi hilo tena. Naomba kitu kimoja tu. Niambie ilikuwaje njiani. Nimekwisha kisia. Lakini nataka kusikia kutoka kwako.

Nasif


Kawempe
Jumatatu, 25 Shaabani 1446
(24 Februari 2025)

Nasif, mwana wa dada yangu,

Mwenyezi Mungu akupe subira kabla hujaisoma karatasi hii. Hasifa anakusalimu. Ukuta wa madrasa umejengwa. Tunangoja mwezi uandame.

Umeniuliza mara nne, nami nilinyamaza mara tatu. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa kukuhurumia, kwa kuwa sikujua kosa ni la nani. Zilizofuata nilinyamaza kwa sababu nilitaka ukweli wako uje kwa miguu yake. Sasa umekuja, na deni la jibu liko kwangu.

Mama yako alitoka nyumbani baada ya adhuhuri. Ndani tulikuwa sita, kwa kuwa kila mtu alimtaka. Tulipopita Kagoma, penye mteremko na mashimo, nilinusa raba, kisha moshi ukaingia kwa chini. Tairi la nyuma kushoto lilipasuka. Gari liliyumba, jeneza likateleza na kugonga ubavu wa mlango. Mimi, nisiyesikia kitu, nililihisi magotini mwangu. Mzee Wahabi alilala juu ya jeneza kulizuia lisigonge mara ya pili.

Tulimteremsha dada yangu kando ya barabara ya Bombo, kati ya wauza mahindi na bodaboda. Tairi la akiba lilikuwa la zamani, dogo. Halikulingana na mengine. Askari wa barabarani mmoja, Saverio, ambaye msalaba wake ulionekana shingoni, alisimamisha magari, akavua kofia na kuingiza bega lake chini ya jeneza. Tulimbeba mpaka pumzi za wazee zikaisha. Mwanamke mmoja akashusha matoke yake yote chini, mkungu kwa mkungu, akatupatia pikapu yake. Juu ya majani ya migomba yaliyobaki humo ndivyo mama yako alivyofika makaburini. Jua lilikuwa limekwisha zama. Alizikwa kwa taa za simu.

Gari alilolitoa ili watu wasiombe gari la mtu, yeye mwenyewe halikumfikisha. Hayo ndiyo watu wa Kawempe waliyokuficha.

Sasa nikwambie yaliyofanyika. Opoka alipata spiringi nzima na magurudumu ya inchi kumi na tano kwenye Noah iliyogongwa. Gari limerudi kimo chake. Ile alama ndani ya fenda ya kushoto, tairi lilipolamba bati hadi likang'aa, nimemwambia asiipake rangi.

Ijumaa iliyopita nilipanda mimbari. Nikasema: "Fatwa niliyoitoa kuhusu gari la waqfu naiondoa. Niliijenga juu ya neno ambalo sikulichunguza kwa kuwa nilimpenda aliyelisema." Jina lako sikulitaja. Nilimtaja anayestahili lawama, msimamizi mwenyewe, yaani mimi, nikakaa. Hakuna aliyetabasamu. Baada ya swala wazee walitaka kujaribu, wakainua jeneza tupu hadi kimo cha zamani. Mzee Wahabi akasema, nikalisoma mdomoni mwake: "Uzito huu ndio wetu." Na vijana wawili wa safu ya nyuma wakaja mbele bila kuitwa, wakashika.

Katika daftari nimeandika jina la Hasifa. Wapo waliokunja uso. Nikawakumbusha kwamba waqfu wa Sayyidna Umar ulisimamiwa na binti yake Hafsa, na kwamba Umar alikuwa na wana wa kiume.

Lililo haki yangu, Nasif, nimekusamehe leo, kabla ya Ramadhani, ili nisifunge nikiwa na kinyongo. Kunidanganya kwa mlango wa dini ni jambo lililonivunja mahali ambapo sidhani patapona katika umri uliobaki. Lakini kuvunjika ni kwangu na kusamehe ni kwangu pia. La mama yako silimiliki. Lipeleke kwake anayelimiliki, usiku na mchana, mpaka ujue limepokewa.

Nyumba ni yako, na mlango haufungwi. Ukija, utalala chumba chako kile.

Nami nina wasia mmoja kwako. Siku yangu itakapofika, ukiwa karibu, usiguse usukani wa gari lile. Mtu mwingine aendeshe. Wewe kaa nyuma pamoja nami, weka kiganja chako sakafuni, na usikiondoe mpaka Bombo.

Mjomba wako,
Abdul-Karim